Orodha zinazoamua nani awe profesa: historia ya kupanga majarida ya menejimenti kwa madaraja

Mhadhiri wa biashara mjini Muscat, Dar es Salaam au Kampala anapoomba kupandishwa cheo, swali la kwanza mara nyingi si ameandika nini, bali ameandika wapi. Makala hii inafuatilia historia ya orodha zilizolipa swali hilo nguvu kubwa kiasi hicho, kuanzia maktaba ya chuo kidogo cha California hadi vyuo vikuu vya Oman na Afrika Mashariki.

Mawaleh ni mtaa wa wilaya ya Seeb, upande wa magharibi wa mji wa Muscat. Kwa miaka mingi wakaazi wa mji huo, wakiwemo Waomani wazungumzao Kiswahili, waliujua mtaa huo kwa soko lake kuu la matunda na mboga, ambalo shughuli zake zilihamishiwa Khazaen, upande wa Barka, mwaka 2024. Mnunuzi wa maembe ana njia yake ya kupima: hulishika embe, hulinusa, na muuzaji akiwa mkarimu humkatia kipande aonje. Jina lililoandikwa kwenye kreti humsaidia, lakini halimtoshelezi.

Mwendo mfupi kwa gari kutoka Mawaleh, katika mtaa wa Al Khoudh, ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa mwaka 1986. Bidhaa ya huko ni elimu, nayo hupimwa kwa njia iliyo kinyume na ile ya soko. Makala ya utafiti, hasa katika fani ya biashara na menejimenti, hupewa daraja kutokana na kreti iliyomo, yaani jarida lililoichapisha. Hali hiyo haiko Oman peke yake. Imeenea London, Nairobi, Johannesburg na Sydney, na imechukua takriban miaka 100 kujengeka.

Asili yake ilikuwa jambo la nyumbani kabisa. Mwaka 1927 watafiti wawili wa Chuo cha Pomona, California, P. Gross na E. Gross, walikuwa na tatizo la fedha. Maktaba ya chuo haikuweza kununua majarida yote ya kemia, basi yapi yanunuliwe? Walichukua toleo la mwaka mmoja la jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, wakahesabu ni majarida gani yaliyotajwa katika marejeo ya makala zake, na mara ngapi. Yaliyotajwa sana yalistahili kununuliwa. Hawakudai kwamba wamepima ubora wa mwanakemia yeyote. Walikuwa wakitengeneza orodha ya manunuzi.

Baadaye alikuja Eugene Garfield, Mmarekani aliyeandika katika jarida la Science mwaka 1955 akipendekeza faharasa ya marejeo kwa sayansi zote. Alichukua mfano kutoka kwa wanasheria: tangu mwaka 1873, Frank Shepard wa Illinois alikuwa akiwauzia mawakili orodha zinazoonyesha kila hukumu imetajwa wapi katika hukumu za baadaye, ili wakili asije akasimama mbele ya hakimu akitegemea hukumu iliyokwisha kutenguliwa. Garfield aliona kwamba makala za sayansi zinaweza kufuatwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1960 taasisi yake mjini Philadelphia ikapata jina la Taasisi ya Habari za Kisayansi, na mwaka 1964 ikaanza kutoa faharasa yake kwa utaratibu. Ile ya sayansi za jamii ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Msikilizaji aliyesoma elimu ya hadithi hatashangazwa na wazo la kufuata nani amepokea kutoka kwa nani. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa na mlolongo wa wapokezi karne nyingi kabla ya Philadelphia. Lakini wao walikagua kila hadithi kwa mlolongo wake na maneno yake, na waliohifadhi vitabu vikubwa hawakuona haya kujadili upokezi mmoja mmoja uliomo ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kupotea katika faharasa za kisasa.

Ilipotea katikati ya miaka ya 1970, taasisi ya Garfield ilipoanza kutoa ripoti ya kila mwaka ya majarida yenyewe. Kipimo chake kikuu, kipimo cha athari, ni hesabu nyepesi. Chukua makala ambazo jarida limechapisha katika miaka miwili iliyopita, tuseme 60. Hesabu mara ngapi zimetajwa mwaka huu katika majarida yaliyomo kwenye faharasa, tuseme mara 180. Gawanya: jarida lina kipimo cha 3. Hesabu hiyo haisemi lolote kuhusu makala moja. Mtafiti wa Norway, Per Seglen, alionyesha mwaka 1992 kwamba katika majarida aliyoyachunguza asilimia 15 ya makala ndizo zilizopata nusu ya marejeo yote. Nyingi ya zilizobaki ziliishi kwa jina la jirani zao.

Wafanyabiashara wanapotaka kuwa wanasayansi

Wanakemia na madaktari walikuwa na maabara. Vyuo vya biashara vilikuwa na nini? Swali hilo liliwaumiza vichwa wakuu wa vyuo hivyo nchini Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili, moja iliyogharamiwa na Wakfu wa Ford na nyingine na Shirika la Carnegie, zote zikisema kwa ukali kwamba elimu ya biashara Marekani ilikuwa duni, walimu wake hawafanyi utafiti wa maana, na wanafunzi wake wanafundishwa mambo ya ukarani. Fedha za Ford zilifuata ripoti, na vyuo vikaanza kuajiri wanahisabati, wanasaikolojia na wanauchumi.

Majarida yalikuwa yamekwisha kuanza kuchipuka. Harvard Business Review, lililoanzishwa mwaka 1922, liliandikiwa mameneja na si maprofesa. Management Science lilianza mwaka 1954, Administrative Science Quarterly la Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1956, na jarida la Academy of Management mwaka 1958. Uingereza ilipata Journal of Management Studies mwaka 1964. Academy of Management Review lilizaliwa mwaka 1976 na Strategic Management Journal mwaka 1980. Fani iliyokuwa ikidharauliwa sasa ilikuwa na makala zenye majedwali na hesabu, zilizopitiwa na wahakiki wasiojua jina la mwandishi. Na mara majarida yalipokuwa mengi, ilibidi mtu aulize lipi ni bora.

Jibu la awali lilikuwa la kuulizana. Coe na Weinstock waliwauliza wakuu wa idara wanayaonaje majarida ya menejimenti, wakarudia uchunguzi wao na kuuchapisha tena mwaka 1984. Ian MacMillan alifanya kazi ya namna hiyo mwaka 1989 kwa fani ya mikakati ya biashara, akikusanya maoni ya wataalamu wenzake. Kuna jambo la kuchekesha kidogo katika mbinu hii. Anayeulizwa jarida lipi ni bora ni yule yule aliyechapisha humo, aliyesomea kwa mwalimu aliyechapisha humo, na ambaye kesho ataketi katika kamati ya kumpandisha cheo kijana aliyechapisha humo.

Kisha zikaja orodha rasmi. Chuo Kikuu cha Texas tawi la Dallas kilichagua majarida 24, yote ya lugha ya Kiingereza, na hupanga vyuo vya dunia kwa idadi ya makala zilizomo humo tangu mwaka 1990. Gazeti la Financial Times la London, lililoanza kupanga vyuo vya shahada ya uzamili ya biashara duniani mwaka 1999, lilitumia orodha yake lenyewe kupima utafiti. Orodha hiyo ilifikia majarida 45, na mwaka 2016 ikapanuliwa hadi 50. Kwamba gazeti la kila siku liwaamulie maprofesa wa dunia nzima nini ni utafiti bora ni jambo ambalo lingewashangaza Gross na mwenzake wa Pomona. Hata hivyo, wakuu wa vyuo walilikubali haraka, kwani nafasi katika jedwali la gazeti huleta wanafunzi, na wanafunzi huleta ada.

Uingereza ilikuwa na sababu yake ya ziada. Tangu mwaka 1986 serikali ilikuwa ikipima utafiti wa vyuo vikuu na kugawa fedha kwa kufuata matokeo. Chuo kilitaka kujua mapema ni walimu gani wawasilishwe katika zoezi hilo. Jumuiya ya Vyuo vya Biashara ya Uingereza ikachapisha mwongozo wa majarida katika miaka ya 2000, wenye madaraja kuanzia 1 hadi 4, na juu ya 4 nyota. Tangu mwaka 2015 unaitwa Mwongozo wa Majarida ya Kitaaluma. Watayarishaji wake huandika kila mara kwamba haufai kuchukua nafasi ya kuisoma makala yenyewe. Onyo hilo huandikwa, na kamati huendelea kuhesabu nyota.

Anne-Wil Harzing alifanya jambo la manufaa zaidi. Kuanzia mwaka 2000 alikusanya orodha mbalimbali za vyuo na nchi akaziweka bega kwa bega katika jedwali moja. Aliyelitazama jedwali hilo aliona mara moja kwamba jarida lile lile lingeweza kuwa kileleni katika orodha moja na katikati katika nyingine. Naye William Starbuck, aliyewahi kuwa mhariri wa Administrative Science Quarterly, alihesabu mwaka 2005 akahitimisha kwamba uchaguzi wa wahariri una bahati nyingi ndani yake: majarida mashuhuri huchapisha makala dhaifu si haba, na makala nzuri sana hutokea katika majarida ambayo hayamo katika mazungumzo ya watu.

Serikali iliyojaribu, kisha ikaacha

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Australia. Kwa zoezi la kitaifa la kupima utafiti la mwaka 2010, serikali ilipanga majarida 20,712 ya fani zote katika madaraja manne: A yenye nyota, A, B na C. Kazi ilichukua muda mrefu, na malalamiko hayakungoja ikamilike. Wataalamu wa historia ya Australia waliona majarida ya nchi yao yakishushwa kwa kuwa hayasomwi sana nje. Jambo baya zaidi likafuata: wakuu wa vyuo walianza kuwawekea walimu malengo ya kuchapisha katika A na A yenye nyota, wakiwaambia wasijisumbue na mengine.

Tarehe 30 Mei 2011 waziri aliyehusika, Kim Carr, alitangaza kwamba madaraja hayo yanafutwa, akieleza kuwa yamekuwa yakitumiwa vibaya na wasimamizi wa utafiti vyuoni. Ni nadra kwa serikali kujenga ngazi kubwa namna hiyo na kuibomoa baada ya zoezi moja.

Lakini vyuo vya biashara havikuibomoa ya kwao. Baraza la Wakuu wa Vyuo vya Biashara la Australia lilikuwa na orodha yake tayari, yenye herufi zile zile, na likaendelea kuitoa upya mwaka 2013, 2016, 2019 na 2022. Wanahistoria na wanafasihi walishangilia kuondoka kwa madaraja, ilhali wataalamu wa menejimenti, ambao kazi yao ni kufundisha jinsi vipimo vibaya vinavyoharibu mashirika, waliyang'ang'ania. Orodha hiyo ya Australia, pamoja na ile ya Uingereza, ndiyo inayoonekana sana leo katika matangazo ya kazi na miongozo ya vyuo vya biashara vya Ghuba na vya Afrika.

Kutoka Mzumbe hadi Al Khoudh

Afrika Mashariki haikukosa majarida. Mzumbe, palipokuwa na Taasisi ya Uongozi wa Maendeleo kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001, kuna jarida liitwalo Uongozi, ambalo jina lake la Kiswahili hufuatiwa na maelezo ya Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzisha Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, kina jarida lake la menejimenti. Nairobi na Kampala nazo zina yao. Kwa muda mrefu tatizo la majarida haya lilikuwa karatasi, fedha za kuchapa na posta. Toleo lilichelewa mwaka mzima, au matoleo mawili yalifungwa pamoja, na msomaji wa Kisumu hakuweza kuliona la Morogoro.

Mwaka 1998 shirika moja la mjini Oxford lilianzisha mradi wa kuyaweka majarida ya Kiafrika kwenye intaneti, African Journals Online, ambao mwaka 2005 ulihamia Afrika Kusini. Hapo ndipo mengi ya majarida hayo yalipoonekana nje ya nchi zao kwa mara ya kwanza. Faharasa kubwa za Philadelphia, na ile ya Scopus iliyoanza mwaka 2004, hata hivyo ziliingiza machache sana. Jarida lisilokuwemo halina kipimo. Lisilo na kipimo halina daraja. Lisilo na daraja haliletewi makala nzuri, na lisiloletewa makala nzuri haliingizwi katika faharasa.

Haimaanishi kwamba mlango ulifungwa kwa kila Mwafrika. Mwaka 1983 Moses Kiggundu, msomi mwenye asili ya Uganda aliyekuwa akifundisha Canada, pamoja na wenzake wawili walichapisha katika Administrative Science Quarterly uchambuzi wa nadharia za utawala na jinsi zinavyofanya kazi katika nchi zinazoendelea. Walipitia tafiti nyingi na kuonyesha kwamba nadharia za Magharibi husaidia pale shirika linaposhughulika na mambo yake ya ndani ya kiufundi, lakini huyumba mara shirika linapokutana na mazingira yake: serikali, jamaa, soko na siasa za mahali. Ulikuwa ugunduzi wenye uzito, nao ulitoka katika jarida la kileleni kabisa.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na pengine hakuna jambo la biashara kutoka Afrika Mashariki lililochunguzwa zaidi. Makala zilizotikisa dunia juu yake, moja katika American Economic Review mwaka 2014 na nyingine katika Science mwaka 2016, ziliandikwa na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown na Tavneet Suri wa MIT, aliye mzaliwa wa Kenya. Kazi yao ni nzuri na haina sababu ya kubezwa. Lakini mawakala waliohojiwa walikuwa Kenya, na anuani za waandishi zilikuwa Washington na Cambridge ya Massachusetts.

Mhadhiri aliyebaki nyumbani, mwenye vipindi vingi na darasa la mamia ya wanafunzi, alibanwa pande mbili. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa vigezo vya pamoja vya kuajiri na kupandisha vyeo, vinavyohesabu machapisho kwa pointi. Afrika Kusini wizara hulipa vyuo ruzuku kwa kila makala iliyomo katika orodha zinazokubalika. Tanzania ilitangaza mwaka 2022 tuzo ya hadi shilingi milioni 50 kwa mtafiti atakayechapisha katika jarida la hadhi ya juu duniani, ikianzia na sayansi na tiba. Nia ya hatua hizi inaeleweka: serikali inataka kuona kazi. Ila penye haja ya makala nyingi kwa haraka, wauzaji hawakosekani.

Walijitokeza kwa wingi. Barua pepe zilimiminika zikiwaita wahadhiri maprofesa mashuhuri na kuwaahidi kuchapishwa ndani ya wiki moja kwa ada ya dola kadhaa. Majina ya majarida hayo yalianza na maneno makubwa, ya kimataifa, ya Amerika au ya Ulaya, na kipimo chao cha athari kilitungwa jikoni. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayotoza ada, na 157 yakaikubali. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, alikuwa akiweka orodha ya wachapishaji aliowashuku hadi alipoiondoa Januari 2017. Hiyo nayo ilikuwa orodha, na ilikuwa na udhaifu wa orodha: mtu mmoja aliamua, na jarida changa la Kiafrika lililokuwa na tovuti mbovu tu liliweza kushukiwa pamoja na matapeli.

Oman ilifika katika mchezo huu ikiwa imechelewa, na kwa sababu hiyo ikabidi ikimbie. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali. Waomani waliorejea kutoka Zanzibar na bara la Afrika Mashariki baada ya mwaka huo, wengi wakiwa na elimu ya Kiingereza, walijaza nafasi katika wizara, benki na hospitali, na baadaye vyuoni. Kitivo cha Biashara na Uchumi cha Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilianzishwa mwaka 1993. Baraza la Utafiti liliundwa mwaka 2005, na kazi zake ziliingizwa katika wizara ya elimu ya juu mwaka 2020. Chuo kinachoajiri walimu kutoka nchi nyingi kwa mikataba ya miaka michache kinahitaji kipimo ambacho kila mmoja anakielewa, na orodha ya London au ya Australia ina faida hiyo moja ya kweli: haimjui mtu, haijali kabila wala ujamaa. Mkuu wa idara aliyewahi kuona cheo kikitolewa kwa kujuana hawezi kuidharau faida hiyo.

Gharama yake huonekana pale mtafiti anapochagua mada. Mfano bora uko ndani kwa ndani ya nchi yenyewe. Falaji za Oman, mifereji inayoteremsha maji kutoka chini ya milima hadi mashambani kwa nguvu ya mteremko tu, zimo hai hadi leo kwa idadi ya takriban 3,000, na tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kinachoziweka hai ni uongozi kabla ya uhandisi. Kila falaji ina wakili anayeisimamia na daftari la hisa za maji. Hisa hupimwa kwa muda: athari moja ni takriban nusu saa ya maji. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Baadhi ya hisa hupigwa mnada, na fedha yake hutengeneza mfereji ukiporomoka. Huo ni mfumo wa umiliki wa pamoja, bajeti, ukaguzi na usuluhishi wa migogoro ambao umeishi kuliko kampuni yoyote inayofundishwa katika madarasa ya Harvard.

Elinor Ostrom alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchambua taasisi za aina hiyo katika nchi nyingine, na mchango wake mkuu ulikuwa kitabu cha mwaka 1990. Rejea kubwa juu ya falaji zenyewe ni kitabu pia: J. C. Wilkinson alikichapisha Oxford mwaka 1977. Orodha za majarida hazioni vitabu. Mhadhiri wa Al Khoudh anayetaka kutumia miaka mitatu pamoja na mawakili wa falaji katika Nizwa au Izki anajua kwamba wahakiki wa jarida la daraja la juu watamuuliza kwanza mchango wake kwa nadharia ya jumla ni upi, na kwa nini msomaji wa Chicago ajali. Mwenzake aliyetuma dodoso kwa wafanyakazi 300 wa benki, akalinganisha majibu na nadharia iliyotungwa Michigan, atakuwa amemaliza na kuwasilisha. Si ajabu wengi huchagua dodoso.

Upinzani dhidi ya hali hii umekuwepo, na umekuja kutoka ndani. Azimio la San Francisco, lililoandaliwa na wanabiolojia Desemba 2012 na kutangazwa mwaka uliofuata, liliwataka waajiri waache kutumia kipimo cha jarida kumpima mtu. Tamko la Leiden lililochapishwa katika Nature mwaka 2015 lina kanuni kumi, na mojawapo inataka utafiti bora unaohusu mahali maalumu ulindwe, hata kama hauandikwi kwa Kiingereza. China, iliyokuwa imezoea kuwalipa watafiti fedha taslimu kwa makala za faharasa, iliagiza mwezi Februari 2020 malipo hayo yakome. Kwa upande wa menejimenti, Chuo cha Menejimenti cha Afrika, jumuiya ya wasomi iliyoundwa mwaka 2011, kilianzisha jarida lake mwaka 2015, Africa Journal of Management, kwa madhumuni ya kuyafanya mashirika ya Afrika kuwa kiini cha nadharia badala ya mfano wa pembeni.

Hatua isiyotajwa sana, lakini inayogusa zaidi majarida ya Mzumbe na Kampala, ni ile ya African Journals Online ya mwaka 2017. Pamoja na washirika wake wa Oxford iliweka madaraja ya nyota, kuanzia sifuri hadi tatu, ambayo hayahesabu marejeo kabisa. Yanauliza mhariri anafanya kazi yake vipi. Je, kuna bodi ya wahariri ya kweli, yenye watu wanaojulikana? Wahakiki hupatikanaje? Toleo hutoka kwa wakati? Kosa likigunduliwa, husahihishwa hadharani? Jarida dogo la fani ndogo linaweza kupata nyota tatu bila kutajwa hata mara moja mjini Philadelphia, na lile lenye makeke likakosa hata moja.

Waarabu wamechukua njia nyingine. Mwaka 2020 ilianza kufanya kazi faharasa ya marejeo ya Kiarabu, iliyogharamiwa na Misri na kuwekwa katika mfumo ule ule uliotokana na kazi ya Garfield. Mhadhiri wa Muscat anayeandika juu ya falaji kwa Kiarabu sasa anaweza kuhesabiwa, angalau kwa kiasi. Kiswahili hakina faharasa ya namna hiyo. Majarida yake ya kitaaluma yaliyo imara, kama Kiswahili na Mulika ya Dar es Salaam, ni ya lugha na fasihi. Makala juu ya uendeshaji wa upatu, juu ya manahodha na mizigo yao kati ya Sur na Lamu, au juu ya vyama vya ushirika vya kahawa Kilimanjaro, ikiandikwa kwa lugha ya watu wanaozungumzwa humo, inaweza kuchapishwa na kusomwa, lakini katika fomu ya kupandishia cheo itabidi mwandishi aijaze chini ya kifungu cha machapisho mengineyo.